Nani Alituletea Taa ya Dashibodi? Historia Fupi Kutoka Birmingham Hadi Kipini

Wadau, posti hii ni ya kila mtu aliyewahi kupanda gari la zamani, akaona taa ya njano imewaka mbele ya dereva, akauliza, na dereva akajibu bila hata kugeuka: "Hiyo achana nayo, huwaka tu."

Huwaka tu. Hayo maneno mawili yamekula pesa nyingi sana hapa Kipini. Taa inawaka asubuhi, saa sita imezima. Ikinyesha inarudi. Ukimpelekea fundi, inakaa kimya kama mtoto mbele ya mgeni. Ukitoka gereji na kufika njia panda, hiyo hapo tena. Wazee wengine wanasema gari lina jini. Vijana wanasema gari lina nuksi. Halafu mwenye gari anaanza kununua spea moja baada ya nyingine, akibahatisha.

Mimi nasema gari halina jini. Gari lina historia. Ile taa ina mahali ilikotoka, ina watu walioiweka na sababu zao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiiwazia Kipini. Ukijua hiyo stori, utajua taa inakwambia nini na haikwambii nini. Hilo ndilo litakalookoa pesa yako, na siku nyingine litaokoa mtu.

Nasema mtu kwa sababu hii. Kipini iko mdomoni mwa Mto Tana, pale mto unapoingia Bahari Hindi. Mgonjwa akizidiwa usiku, hospitali kubwa ni safari ya Malindi, zaidi ya kilomita mia moja kupitia Minjila. Gari linalombeba kwa kawaida si jipya. Ni SUV ya Kijapani ya miaka ya tisini au mwanzo wa elfu mbili, ile ile iliyobeba samaki na barafu juzi, embe jana, na bibi harusi wiki iliyopita. Likizima katikati ya njia, hakuna gereji ya kukimbilia. Na barabara hii ina kumbukumbu zake. Miaka ya tisini mabasi ya Malindi na Lamu yalikuwa yanasafiri kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 misafara ilirudi. Kwa hiyo kuzimikiwa na gari hapa halijawahi kuwa jambo la kuchelewa kazini tu.

Sasa tuanze mwanzo.

Zamani kulikuwa na mishale

Gari lililozoeleka sana zamani kwenye njia mbovu za Kenya ni Land Rover. Lilizinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likawa gari la serikali ya mkoloni, la polisi, la wamishenari, la wawindaji. Kumbuka enzi za Waingereza Kipini haikuwa kijiji cha pembeni kama wengi wanavyoidhania leo. Ilikuwa makao ya utawala wa wilaya.

Umeme wa magari ya Uingereza ya wakati ule mwingi ulitoka kwa kampuni ya Lucas ya Birmingham. Waingereza wenyewe walimpachika mwanzilishi wake, Joseph Lucas, jina la utani: Mwana Mfalme wa Giza, kwa vile taa zilivyokuwa zinazima zinavyotaka. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelewa. Waya zilikuwa chache, kila moja ina rangi yake, fyuzi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Fundi aliyekuwa na balbu moja na vipande viwili vya waya angeweza kufuata umeme kutoka betri hadi taa ya nyuma na kusema umekatikia wapi.

Kitu kimoja cha ajabu: zile Land Rover za kwanza zilifungwa betri kinyume na tulivyozoea. Upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Ni miaka ya 1960 ndipo wakageuza, hasi ikaenda kwenye bodi kama leo. Muda ule ule altaneta ilikuwa inachukua nafasi ya dainamo. Altaneta ina diodi ndani, na diodi hazina msamaha: funga betri kinyume mara moja tu, zimeungua. Fundi wengi wa zamani walijifunza hilo kwa njia ngumu. Nataja hii kwa sababu inaonyesha kitu kitakachojirudia mpaka mwisho wa stori: kiwanda kinabadilisha mfumo, na fundi wa huku anajulishwa na moshi.

Na taa za onyo je? Hizo zilianza Marekani. Miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ilitoa geji za mshale za mafuta ya injini na chaji, ikaweka taa badala yake. Mshale ulikuwa unakuonyesha mambo yanavyoharibika polepole: leo uko hapa, kesho umeshuka kidogo. Taa inajua mambo mawili tu, ndiyo na hapana. Wamarekani wenyewe waliziita taa za wajinga. Watengenezaji walizipenda kwa sababu ni rahisi na dereva wa kawaida hahitaji kusoma mshale. Lakini angalia kilichopotea hapo. Kile kiasi kilipotea. Dereva aliondolewa kwenye mazungumzo, akabaki kuambiwa tu wakati mambo yameshaharibika.

Moshi wa California

Ile taa ya njano yenye umbo la injini, ambayo vijana wengi mnaidhania ni ya kumlinda mwenye gari, kazi yake ya asili ilikuwa kulinda hewa ya California.

Los Angeles ilikuwa inasongwa na moshi wa magari. Serikali zikaweka masharti ya hewa chafu, na viwanda vikagundua kwamba kabureta ya kawaida haiwezi kupima mafuta kwa usahihi unaotakiwa. Wakaweka kompyuta na sensa. Kufikia 1981 General Motors walikuwa wameweka kompyuta ya injini kwenye magari yao mengi ya Marekani, na kompyuta ikapewa taa ya kuonyesha kwamba haijaridhika. Mwaka 1988 California ikalazimisha magari mapya yawe na uwezo wa kujipima yenyewe. Kuanzia modeli za 1996 Marekani nzima ikataka mfumo mmoja: soketi moja ya matundu 16, namba za hitilafu zinazofanana, ili mkaguzi yeyote achomeke kifaa na kusoma. Ulaya ikafuata, magari ya petroli kuanzia 2001 na ya dizeli miaka michache baadaye.

Kwa hiyo taa hiyo ilikuwa inaongea na mkaguzi wa hewa. Ndiyo maana inaweza kuwaka kwa sababu ya kifuniko cha tangi la petroli kisichofungwa vizuri, na isiwake kabisa wakati waya wa betri unakaribia kukatika. Kwake yeye, waya uliooza si moshi.

Kisha kukaja kitu kingine. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo unaoitwa CAN, ambapo kompyuta nyingi za gari zinaongea kwenye waya mbili tu. Kabla ya hapo kila habari ilikuwa na waya wake. Mfumo huu ulipunguza shaba na uzito. Lakini ulileta tabia mpya: kompyuta moja ikipata umeme hafifu, zile nyingine nazo zinalalamika kwa sababu hazimsikii mwenzao. Ndiyo unaona dashibodi inawaka kama mti wa Krismasi, taa sita kwa pamoja, wakati kasoro ni moja. SUV nyingi za miaka ya tisini tulizo nazo hapa hazina mfumo huo bado, au zina sehemu kidogo tu. Lakini zina kompyuta ya injini, ya breki za ABS na ya mifuko ya hewa, na zote zinakunywa umeme kwenye kisima kimoja.

Gari linafika Mombasa, maelezo yanabaki Japan

Kenya iliwahi kuwa na magari yanayounganishwa hapa hapa. Leyland Kenya ilifungua kiwanda Thika miaka ya sabini, Land Rover zikaunganishwa pale, na Mombasa kulikuwa na AVA. Gari lililounganishwa hapa lilikuja na vitabu vya Kiingereza, na mawakala waliokuwa na picha za waya zake.

Miaka ya tisini soko likafunguliwa. Magari ya mitumba kutoka Japan yakaanza kushuka bandari ya Mombasa kwa wingi. Japan ina ukaguzi mkali na wa gharama, gari jipya baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa hiyo Wajapani wengi huona ni heri kuuza. Sisi tunaendesha upande uleule wa barabara kama wao. Ilikuwa ndoa ya kawaida kabisa. Kenya ikaweka sharti kwamba gari lililotumika lisizidi miaka 8 wakati linaingia. Lakini likishaingia, linazeekea hapa. Linaanza Nairobi kwa mtu wa ofisini, linashuka Mombasa, linauzwa Malindi, mwisho linakuja Garsen na Kipini likiwa na miaka 20 na zaidi, na kila mwenye nalo ameongeza redio, kengele ya wezi, taa za mbele kali, na tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi.

Gari lilikuja. Kitabu hakikuja, na kikija ni cha Kijapani. Lebo nyingine za dashibodi ni za kuchanganya hata kwa anayezijua herufi. Chukua ile taa ya T-BELT kwenye Toyota za dizeli. Watu wanaiona wanadhani kuna sensa inayopima mkanda wa taiming. Hakuna sensa. Taa ile inahesabu kilomita tu, na zikifika idadi iliyopangwa inawaka kukumbusha ubadilishe mkanda. Sasa mtu akiizima bila kubadilisha mkanda, au akibadilisha mkanda bila kuizima, taa inaendelea kusema ukweli wake mwenyewe usiohusiana na gari lako.

Fundi wetu walifanya nini bila kitabu? Walisoma taa kama watu wanaosoma ishara za moshi. Toyota nyingi za miaka ya tisini zina njia ya siri isiyo ya siri: kwenye soketi ya ukaguzi unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kupepesa. Mara mbili, inapumzika, mara mbili: hiyo ni 22, mzunguko wa sensa ya joto la maji. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, kompyuta haina la kusema. Hakuna skana, hakuna intaneti. Kipande cha waya na uvumilivu wa kuhesabu. Kwa heshima zote, hao watu walikuwa wanaongea na kompyuta kabla sisi hatujajua kushika simu.

Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Canada, Elm Electronics, ilitoa chipu inayoitwa ELM327, inayotafsiri lugha za magari kwenda kompyuta ya kawaida. Wachina wakaiiga, bei ikaanguka, na leo kijana yeyote ana kile kidude cha buluu cha kuchomeka na programu kwenye simu. Hapo ndipo kizazi chetu kilipoingia, na hapo ndipo nina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu na kidude cha buluu

Skana ni kitu kizuri. Lakini imetufanya tufikiri kwamba kusoma namba ni kutambua ugonjwa. Mfano: skana inakuonyesha P0500. Maana yake, kompyuta haipati habari sahihi kutoka kwenye mzunguko wa sensa ya mwendo. Mzunguko ni sensa, waya, soketi, fyuzi, ethi na kompyuta yenyewe. Kijana anasoma P0500, anasema "sensa imekufa," mwenye gari anatoa pesa, sensa inaletwa kutoka Mombasa kwa basi, inafungwa, namba inafutwa. Siku tatu taa imezima. Siku ya nne imerudi. Sensa ya zamani ilikuwa nzima. Soketi yake ndiyo ilikuwa na kutu ya kijani.

Halafu jambo lingine. SUV ya Kijapani ya zamani inaweza kuwa na soketi ya matundu 16 kabisa, na kidude chako kikakataa kusema nayo. Umbo la soketi ni moja, lugha ni nyingine. Kijana anasema "kompyuta ya gari imeungua." Kompyuta haijaungua, bwana. Nyinyi wawili hamuelewani tu.

Na hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inayoifedhehesha skana kabisa, kwa sababu wakati unachomeka, kosa halipo. Hitilafu za namna hii zina marafiki watatu: joto, mtikisiko na unyevu. Chuma kikipata joto kinatanuka, mguso uliokuwa umeshika unaachia. Gari likiruka shimo, waya uliokatika ndani ya plastiki unagusana na kuachana. Maji yakiingia, umeme unapata njia ya mkato, kisha jua linakausha na ushahidi unapotea.

Sasa niambie ni wapi kuna hivyo vitatu kwa pamoja kuliko hapa kwetu. Upepo wa bahari una chumvi mwaka mzima. Jua unalijua. Na mto. El Niño ya 1997 na 1998, mafuriko ya 2018, ya Novemba 2023, ya Aprili na Mei 2024: kila mara Garsen na vijiji vya delta vinazungukwa na maji, na magari yanavuka yakiwa yamezama mpaka milangoni. Maji yanaondoka, gari linawaka, kila mtu anashukuru Mungu. Lakini waya ni nyuzi nyingi za shaba zilizosokotwa ndani ya plastiki, na maji hupanda katikati ya zile nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yanakaa humo. Miezi sita baadaye, wakati umeshasahau mafuriko, shaba imegeuka unga wa kijani ndani ya plastiki ambayo kwa nje bado inang'aa. Taa inawaka. Unasema "huwaka tu."

Kesi moja ya hapa

Kuna jamaa wa familia yetu ana SUV ya Kijapani ya 1998. Baada ya mafuriko ilianza kuwasha taa ya ABS. Akiwasha taa kubwa za mbele usiku, mshale wa joto unapanda, akizizima, unashuka. Injini yenyewe haikuwa na joto lolote la ajabu. Mara taa zinafifia, mara zinarudi. Stata ilikuwa inapiga vizuri kabisa.

Fundi wa kwanza akabadilisha betri. Wa pili akasema altaneta. Wa tatu, kijana mwenye skana, akasema sensa ya ABS ya gurudumu la mbele. Hesabu hiyo ilimaliza mbuzi kadhaa.

Wa nne alikuwa mzee mmoja asiye hata na kibao cha gereji. Nilikuwepo. Kabla ya kufungua boneti alikaa chini ya mwembe akauliza.

"Mwanangu, huwaka lini? Ukiwa umesimama au unaenda?"

"Vyote, mzee. Ila zaidi usiku."

"Usiku kwa sababu ya baridi, au usiku kwa sababu umewasha taa?"

Jamaa akanyamaza. Hilo swali lilikuwa nusu ya kazi. Wale watatu waliotangulia hakuna aliyeliuliza.

Mzee akafikiri hivi, na nitaeleza polepole kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Stata inapiga vizuri. Stata ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko kitu chochote kwenye gari, kwa hiyo betri ni nzima, na waya wa betri kwenda injini ni mzima. Taa za mbele, mishale ya dashibodi na kompyuta ya ABS vinasumbua pamoja. Vinashirikiana nini? Vyote vimefungwa ethi kwenye bodi, yaani umeme wao unarudi kwenye betri kupitia bati la gari. Na bati la gari linaunganishwa na injini kwa mkanda wa waya zilizosukwa. Umeme wote wa taa lazima upite pale ukirudi. Mkanda ukioza, umeme unasongamana. Bati, ambalo linatakiwa kuwa sifuri, linapanda, na kila kifaa kinachotumia bati kama kipimo chake kinadanganywa. Mshale wa joto ulikuwa unapima uongo.

Akatoa mita ya bei ya chini kabisa. Injini ikiwa inanguruma, mguu mmoja wa mita akauweka kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bati tupu la bodi. Taa zikiwa zimezimwa, karibu sifuri. Akasema, "Washa kila kitu." Taa kubwa, feni, waipa. Mita ikaruka mpaka volti 3 na kitu. Kipimo kizuri ni kama volti 0.2 au chini. Akautingisha ule mkanda kwa bisibisi, namba zikacheza. Ulikuwa umebaki nyuzi chache, nyingine zote kutu.

Akafunga mkanda mpya, akasugua bati mpaka liwe jeupe, akapaka grisi juu ili chumvi isiingie. Taa ya ABS ikatulia, mshale ukatulia. Betri mpya, altaneta mpya na sensa mpya bado ziko kwenye gari, hazikuwa na hatia.

Chukua hizi uende nazo

Kwanza rangi. Nyekundu ni simama: mafuta ya injini, breki, joto. Njano ni tafuta muda upimwe, lakini usizoee. Taa ya mafuta ya injini ikiwaka nyekundu, hata kwa kupepesa, zima injini hapo hapo.

Pili, andika. Taa gani, saa ngapi, mvua au jua, umewasha nini, ulikuwa unakata kona au umenyoosha. Una simu mfukoni, piga video taa ikiwa imewaka. Hiyo video ni ushahidi ambao fundi wa zamani hakuwahi kuwa nao.

Tatu, pima betri kabla ya kitu chochote. Gari likiwa limelala, volti 12.6 ni betri iliyojaa. Injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Ikikaa chini ya hapo, altaneta au njia yake ina shida. Kompyuta ya gari ikipata umeme hafifu huona mambo yasiyokuwepo.

Nne, taa mbili zikiwaka pamoja usizitibu moja moja. Uliza zinashirikiana nini. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka na honi ikafa wakati unakata usukani, mara nyingi ni ile waya iliyoviringwa ndani ya usukani, kwa sababu vyote viwili hupita humo. (Na mfuko wa hewa usiuchokonoe na mita, unaweza kufyatuka.) Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa ya betri na ya breki zikiwaka kwa mbali pamoja, anza na altaneta.

Tano, soketi na ethi kabla ya spea. Fungua, angalia kijani, safisha, funga, tingisha. Skana ije hapo kati, ikuonyeshe chumba chenye moshi, halafu utafute moto mwenyewe.

Sita, ukinunua gari, washa swichi kabla ya injini. Taa zote za onyo lazima ziwake kisha zizime. Ambayo haikuwaka kabisa, jiulize nani kaitoa balbu na alikuwa anaficha nini.

Kwa nini nimeandika hii

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyofanya dunia nzima ianze kutumia maneno "sekta isiyo rasmi." Walikuwa wanaongelea watu kama yule mzee, waliowaona kuwa wanafanya kazi ya maana bila kutambuliwa. Zaidi ya miaka 50 imepita, bado tunamuita "fundi wa mtaani" kwa sauti ya kudharau, na tunamuamini zaidi kijana mwenye kidude kinachowaka buluu. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kumtambia mtu, na sisemi vyeti ni takataka. Mtihani wa ufundi wa serikali upo na vijana waufanye. Nasema kufikiri kwa yule mzee pale chini ya mwembe ndiyo elimu yenyewe, na hakuna aliyeiandika popote.

Marekani watu walipigania hili kwa kura. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria ya kulazimisha viwanda vya magari vitoe maelezo ya ukarabati kwa gereji za kawaida, si kwa mawakala tu. Walielewa kwamba gari usiloruhusiwa kulielewa si lako vizuri. Sisi hatujafika huko, na magari yanayokuja yana kompyuta nyingi kuliko haya. SUV za leo za Nairobi ndizo za Kipini za mwaka 2040.

Lakini kuna kitu hatuhitaji sheria kukifanya. Wengi wetu tuna simu nzuri na muda. Kila aina ya gari ina sehemu zake za ethi, na wazee wetu wanazijua kwa mikono. Nenda kwa fundi wa kwenu, mnunulie chai, mpige picha akikuonyesha: hii hapa ethi ya injini, hii ya dashibodi, hii ya taa za nyuma, hii ndiyo huoza kwanza baada ya maji. Iandike kwa Kiswahili, iweke mahali kila mtu ataiona. Nimeanza na ile SUV ya 1998, sehemu sita za ethi, na zinakuja wiki hii kwenye ukurasa wangu. Wa Garsen, Witu, Ngao na Malindi, leteni za magari yenu kabla masika hayajafika.